Kiziwi anaweza kujitegemea, mradi apate lugha mapema

Je, una mtoto asiyesikia? Huenda umewahi kujiuliza atakula nini akiwa mtu mzima, hasa unapoona waajiri wakiwapa kisogo watu kama yeye. Usife moyo. Kazi ya mshahara si njia pekee ya kujipatia riziki. Ushonaji, useremala, uokaji, kinyozi na kazi nyingine za jua kali hutegemea macho na mikono kuliko masikio.

Kinachomkwamisha kiziwi katika kazi hizi kwa kawaida ni mawasiliano. Chukua mfano wa fundi wa cherehani. Mteja anataka gauni la mikono mifupi, liwe tayari Jumamosi. Wasipoelewana, kitambaa kitaharibika na mteja hatarudi.

Ndiyo sababu matayarisho huanza utotoni. Mtoto hushika lugha kwa urahisi zaidi katika miaka mitano ya kwanza. Kiziwi akikosa lugha ya ishara wakati huo, kusoma na kuandika humwia vigumu, na ukubwani hata ujumbe wa simu humtatiza.

Kwa hivyo, mtoto asiposhtuliwa na kelele au asipogeuka aitwapo, mpeleke hospitali apimwe. Sikio linalotoa usaha nalo litibiwe mapema, kwa maana likipuuzwa linaweza kuleta uziwi. Ikithibitishwa kwamba hasikii, jifunzeni lugha ya ishara nyumbani, baba, mama na ndugu zake wote. Usiogope kwamba ishara zitamfanya mvivu wa kusema; zitampa msingi wa kujifunza mambo mengine. Katiba ya mwaka wa 2010 yenyewe inaitaka serikali iikuze Lugha ya Ishara ya Kenya.

Akimaliza shule, atafute ufundi anaoupenda. Viko vyuo vinavyowafunza viziwi, kama kile cha ufundi cha Karen, Nairobi, na cha Sikri katika kaunti ya Homa Bay.

Akifungua kibanda chake, mambo haya yatamsaidia:

• Aweke kioo mbele ya meza ili amwone anayeingia nyuma yake.

• Awe na picha za mitindo na bei zilizoandikwa. Mteja ataonyesha kwa kidole, kisha vipimo na siku ya kuchukua viandikwe daftarini.

• Malipo yafanywe kwa simu, kwani ujumbe huonyesha kiasi kilicholipwa.

• Mashine zifunikwe sehemu za hatari na kukaguliwa kila siku, maana hatasikia sauti yake ikibadilika.

Nawe mteja, mtazame usoni. Kupiga kelele hakusaidii. Usimguse ghafla kutoka nyuma anapotumia mashine. Mwendee upande anaoweza kukuona.

Kuhusu mtaji, ajiandikishe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo lina hazina ya kuwasaidia, ikiwemo vifaa vya kazi. Isitoshe, asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu.

Kumbuka, kukaa bure bila mtu wa kuzungumza naye huleta upweke na huzuni inayoweza kugeuka maradhi. Kazi humpa kiziwi chakula, marafiki na heshima. Usimfiche mwanao. Anza leo kwa kujifunza ishara ya jina lake.