Sanamu za karatasi za mazimwi

Sanamu za karatasi za mazimwi ni vinyago vidogo vinavyochorwa au kuchapwa kwenye karatasi ngumu, kisha kukatwa, kukunjwa na kubandikwa kwa gundi. Hutumika katika michezo ya mezani ya kubuni, ambamo mtu mmoja husimulia hadithi, wengine huigiza wahusika, na matokeo ya mapambano huamuliwa kwa kurusha dadu.

Historia

Mchezo maarufu wa aina hii, Dungeons & Dragons, ulibuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ukatolewa Marekani mwaka 1974. Gygax alitumia wanyama wa plastiki wa bei rahisi kama mazimwi. Mmoja wao ndiye asili ya kiumbe mwenye mwili wa dubu na kichwa cha bundi, ambaye bado yumo mchezoni. Hivyo kutumia vifaa vya kujitafutia ni desturi ya tangu mwanzo.

Vipimo

Ubao huwa na miraba ya inchi 1 (takriban mm 25), kila mmoja ukiwakilisha futi 5. Sanamu ya mtu ina kimo cha mm 28 hivi na husimama kwenye mraba mmoja. Zimwi kubwa huchukua miraba 4.

Utengenezaji

Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 kwa mita mraba hulegea upesi. Manila hufaa zaidi. Picha ya mbele na ya nyuma huchorwa zikigusana vichwani, na chini ya miguu huachwa ukingo wa sm 1. Mstari wa kukunjia hukandamizwa kwa rula na kalamu iliyokwisha wino, ili karatasi isipasuke. Gundi hupakwa kidogo tu, kwa kuwa ikizidi hulowesha karatasi na kuipinda. Mwishowe kingo hukunjwa nje na kubandikwa kwenye kipande cha boksi.

Matumizi mkoani Singida

Mkoa wa Singida hujulikana kwa upepo wake. Sanamu ya karatasi ni nyepesi na huangushwa kwa urahisi, hasa mchezo ukifanyika uani. Sarafu au kijiwe bapa kikibandikwa chini ya kitako huizuia.

Mchoraji halazimiki kuiga mazimwi ya kigeni. Zimwi la ngano za Kiafrika, linalomeza kijiji kizima hadi mtoto mmoja alishinde, linaweza kuchorwa pia, na wachezaji wengi watalitambua mara moja.