Kompyuta Inapochekesha Bila Kutabasamu

Katika gemu iitwayo RimWorld, mchezaji huongoza kikundi kidogo cha watu ambao chombo chao cha angani kimeanguka kwenye sayari ya mbali. Watu hao hulima, hujenga, huuguza majeruhi, hupigana na maharamia, na wakipata nafasi huchonga sanamu. Kila sanamu hupewa jina lake, hutajiwa aliyeichonga, na huambatana na maelezo mafupi yanayoandikwa na kompyuta papo hapo. Hapo ndipo vicheko huanzia. Sanamu kubwa ya marumaru, iliyokula siku kadhaa za kazi, inaweza kusimama katikati ya ukumbi wa kulia chakula ikimwonyesha mpishi anatapika. Maandishi yake yatasifu kwa heshima zote mpangilio wa umbo na mistari, kisha yataje tarehe ya tukio hilo, katika kalenda ya gemu inayoanzia mwaka 5500. Hakuna mtu aliyekaa chini akatunga kichekesho hicho, na ndiyo maana wengi husema kwamba bahati nasibu ndiyo iliyochekesha. Makala hii inashikilia kinyume chake. Bahati nasibu ina sehemu ndogo mno katika ucheshi huu. Kinachochekesha ni kumbukumbu ya tukio lililotokea kweli ndani ya mchezo, inaposimuliwa kwa lugha nzito isiyolingana nalo, mbele ya msomaji anayewajua wahusika.

Ushahidi wa kwanza una zaidi ya miaka sabini. Mwaka 1952 Mwingereza Christopher Strachey aliiandikia kompyuta ya Ferranti Mark 1, iliyokuwa Chuo Kikuu cha Manchester, programu ya kutunga barua za mapenzi. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: violezo vichache vya sentensi vyenye nafasi wazi, na orodha za nomino, vitenzi, vivumishi na vielezi ambazo kompyuta ilichota bila mpangilio kujaza nafasi hizo. Barua ilianza kwa kumwita msomaji mpenzi au laazizi, ikamwaga hamu, huba na shauku bila kupumua, kisha ikatiwa saini M.U.C., yaani Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Manchester. Barua ya kwanza inachekesha kwa sababu mashine iliyojengwa kwa ajili ya hesabu inajidai imezama katika mahaba. Ya pili inachekesha kidogo. Ukifika ya tano umeshaifahamu kanuni, na mzaha umekwisha. Nyuma ya maneno yale hapakuwa na mpenzi, wala ugomvi wa jana, wala ahadi iliyovunjwa. Bahati nasibu iliachiwa uwanja wote, na ilichoka mapema.

RimWorld ilitungwa na Tynan Sylvester wa studio ya Ludeon nchini Kanada, na toleo lake kamili lilitoka Oktoba 2018 baada ya wachezaji kuijaribu kwa miaka kadhaa. Nayo inatumia violezo na nafasi wazi kama Strachey, ila kuna jambo moja imeongeza. Maisha ya koloni yanapoendelea, gemu huandika daftari la visa: harusi, mazishi, upasuaji, uwindaji, mnyama aliyefugwa, watu waliopigana kwa sababu ya tusi. Kila kisa huhifadhiwa pamoja na majina ya waliohusika na tarehe yake. Mchongaji anapomaliza sanamu, au fundi anapotengeneza kitanda au silaha ya ubora wa juu, mara nyingi gemu hufungua daftari hilo, huchagua kisa kimoja, hukitia ndani ya kiolezo na kuongeza sentensi za uhakiki wa sanaa. Bahati nasibu imechagua ukurasa tu. Kilichoandikwa kwenye ukurasa kina sababu zake. Mpishi alitapika kwa sababu alikula nyama mbichi. Aliila mbichi kwa sababu jiko halikuwa na umeme. Umeme ulikatika kwa sababu mchezaji aliacha betri bila paa na mvua ikazinyeshea. Mchezaji anaijua silsila hiyo yote, maana aliiona ikitokea. Anaposoma maelezo ya sanamu anakutana na uzembe wake mwenyewe umechongwa kwa marumaru.

Kabla ya RimWorld kulikuwa na Dwarf Fortress, kazi ya ndugu wawili Wamarekani, Tarn na Zach Adams, walioanza kuitengeneza mwaka 2002 na kuitoa bure mwaka 2006. Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York liliiweka mwaka 2012 katika kundi la gemu 14 za kwanza lilizochagua kwa ajili ya hazina yake. Humo mchezaji husimamia vibeti wa ngano za Ulaya, wachimba milima na wapenda pombe. Kompyuta hutunga kwanza ulimwengu wenye historia ndefu ya falme, vita na majitu, ndipo mchezo uanze. Mara moja moja kibeti hupandwa na wazimu wa ubunifu: hunyakua karakana, hudai vifaa anavyovijua mwenyewe, na akivikosa hurukwa na akili. Akivipata, hutoa kitu kimoja kisicho na kifani. Kitu hicho kinaweza kuwa taji, na kinaweza pia kuwa soksi. Maelezo hayatofautishi. Yatasema kwamba ufundi wake ni wa daraja la juu kabisa, kwamba kimezungushiwa pete za chuma, kwamba kinatisha kwa miiba ya mfupa, na kwamba kimepambwa kwa picha ya kibeti akishambuliwa na tembo.

Mwanafalsafa Mfaransa Henri Bergson, katika kitabu chake Le Rire cha mwaka 1900, alidai kwamba tunacheka tunapouona ugumu wa mashine umelifunika jambo lililo hai. Soksi yenye miiba ni mfano ambao Bergson hakuota kuupata. Mashine inatekeleza taratibu zake za kusifu vito vya thamani bila kujua kwamba imeshika soksi, na kwa kuwa haijui, haiwezi kukonyeza jicho. Mcheshi wa kibinadamu angeshindwa kujizuia. Angeongeza neno moja la kuonyesha kwamba naye anajua ni utani, na utani ungepoa palepale.

Hapo mtu makini atauliza: ikiwa mashine haijui inachosema, maana inatoka wapi? Jibu ni kwamba inatoka kwa msomaji. Mwaka 1944 wanasaikolojia Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha watu filamu fupi ya pembetatu mbili na duara zikizunguka karibu na mstatili. Kati ya watazamaji 34 wa kundi la kwanza, mmoja tu ndiye aliyeieleza filamu hiyo kwa maneno ya maumbo matupu. Wengine waliona viumbe wenye nia, wanaofukuzana na kutishana. Sylvester mwenyewe aliandika mwaka 2013 kwamba mtunzi wa gemu ategemee tabia hii ya binadamu, kwa sababu hadithi huumbika kichwani mwa mchezaji kutokana na dalili chache alizopewa. Wasomaji wa pwani hawahitaji maabara kuliamini hilo. Jina la kanga huchapwa kiwandani na mtu asiyemjua mvaaji wala jirani yake, lakini siku kanga hiyo inapopita mbele ya mlango fulani, mtaa mzima unajua ujumbe umemwendea nani. Kiwanda kimetoa maneno. Uhusiano wa watu ndio uliotoa mshale. Kwa hiyo anayesema kwamba maandishi ya kompyuta hayana maana kwa kuwa hayana mtunzi anamsahau mshirika wa pili, yaani msomaji aliyekuwapo.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linahusu kurudiarudia. Mchezaji aliyezoea hugundua violezo vilevile, sifa zilezile za umbo na rangi, na hatimaye huacha kusoma. Hilo ni kweli na halina haja ya kufichwa. Mtafiti wa Marekani Kate Compton, ambaye ametengeneza vifaa vya kuzalisha maandishi ya namna hii, ameonya kwamba vitu elfu kumi vinaweza kuwa tofauti kihesabu na bado jicho la mtu lisione tofauti yoyote. Gemu ya No Man's Sky ilidhihirisha onyo hilo mwaka 2016: ilitoka na sayari zaidi ya kwintilioni 18, yaani 18 ikifuatwa na sifuri 18, na baadhi ya wachezaji wakalalamika kwamba sayari zinafanana. Lakini pingamizi hili linaitia nguvu hoja yetu. Kama bahati nasibu ndiyo ingekuwa chemchemi ya raha, wingi wa sayari ungetosha. Sanamu ya RimWorld hupata uhai mpya pale tu daftari linapokuwa na kisa kipya, hata kama kiolezo chake ni cha zamani.

Wengine huona ukatili katika mambo haya: kwa nini tucheke mgonjwa, mfu au mtu aliyekatwa mguu kwa sababu kumbukumbu yake imechongwa kwenye kitanda? Jibu ni kwamba kanuni hiyohiyo haichekeshi tu. Mchezaji anaweza kupoteza daktari aliyekuwa naye tangu siku ya kwanza, na miezi baadaye mchongaji akatoa sanamu inayomwonyesha daktari huyo akifanya upasuaji wake. Maneno ni yale yale makavu, na tarehe imetajwa vilevile, lakini safari hii hakuna anayecheka. Kiolezo kimoja kimetoa kicheko jana na huzuni leo. Hakuna kilichobadilika katika bahati nasibu. Kilichobadilika ni kile ambacho mchezaji amekipitia pamoja na wahusika wake. Huo ndio ushahidi mzito kuliko wote.

Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazoandika kwa ufasaha mkubwa, na baadhi ya watu wanatabiri kwamba violezo vya zamani vitatupwa. Huenda vikatupwa, lakini ufasaha haukuwa tatizo. Barua za Strachey zingeandikwa kwa lugha tamu mara mia, bado zingebaki barua zisizomhusu mtu. Watunzi wa gemu wa Afrika Mashariki wanaotaka kujaribu sanaa hii kwa Kiswahili wana kazi ya ziada ya ngeli, maana kiolezo kinachosema sanamu kubwa lazima kijue kusema kitanda kikubwa na mkuki mkubwa. Kazi hiyo inawezekana, na ifanywe. Lakini wasianze kwa kukusanya maneno ya kuchekesha. Waanze na daftari: nani alifanya nini, lini, na kwa sababu gani. Wakiliweka daftari hilo kwa uaminifu na kulisoma kwa sauti ya heshima, wachezaji watacheka wenyewe.