Kuiona Kinga ya Maksai

Kwenye uwanda wa Ufipa, mkulima anayefiwa na jozi ya maksai mvua zikianza amepoteza kilimo cha mwaka mzima. Mmoja wa wauaji ni ndigana kali. Kimelea chake, Theileria parva, huletwa na kupe wa masikio, huingia ndani ya seli nyeupe za ng'ombe na kuzifanya zijigawe ovyo mithili ya saratani. Tezi za chini ya sikio huvimba, homa hupanda, mapafu hujaa maji.

Wapo wanaopona, na hao kinga yao hudumu. Ni seli gani zinazowaokoa? Jibu lilitafutwa Nairobi, katika ILRAD, maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo iliyoanzishwa 1973, ambayo mwaka 1994 iliingia katika ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo. Kwa hadubini, seli za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa na zile zinazoratibu mapambano hazitofautiani. Kinachozitenganisha ni vipokezi vya juu ya utando wake: CD8 kwa zinazoua, CD4 kwa zinazoratibu. Vipokezi hivyo hutambuliwa kwa kingamwili, protini zinazokishika kipokezi mahususi. Lakini kingamwili za kutambua vipokezi vya binadamu mara nyingi hazishiki vya ng'ombe, kwa hiyo watafiti wakatengeneza za kwao.

Walitumia mbinu ya wanasayansi Köhler na Milstein ya 1975. Panya huchanjwa kwa seli za ng'ombe, kisha seli za wengu wake huunganishwa na seli za saratani zisizokoma kuzaliana. Kila ukoo wa seli hizo hutoa kingamwili ya aina moja tu. Ndivyo zilivyopatikana IL-A11 ya CD4 na IL-A51 ya CD8. Ukizipaka rangi inayong'aa, mashine ya leza huhesabu seli moja moja.

Mwaka 1994, mtafiti McKeever na wenzake walichukua seli zenye CD8 kutoka kwa ndama mwenye kinga, wakampa pacha wake wa kufanana asiyekuwa nayo. Kinga ikahama nazo. Kwangu, hilo ni miongoni mwa majaribio makubwa kuwahi kufanyika Afrika Mashariki.

Lakini koo za seli zinazotoa kingamwili hufa, au hupoteza jeni zake. Siku hizi jeni ya kingamwili husomwa, mpangilio wake ukahifadhiwa, kisha ikapandikizwa katika seli nyingine, kwa mfano za ovari ya hamsta wa China. Kingamwili inayotoka ni ileile kila mara.

Chanjo ya ndigana kali iliyopo, iitwayo ya Muguga, ina vimelea hai. Huhifadhiwa kwenye naitrojeni kimiminika na kudungwa pamoja na antibiotiki ya oksitetrasaikilini. Kuifikisha vijijini ni kazi. Chanjo mpya isiyo na vimelea hai italazimika kuthibitisha kwamba inaamsha seli za CD8, na bila kingamwili hizi hakuna wa kuzihesabu. Mpangilio wa jeni za kingamwili hizo uwe wazi kwa Chuo Kikuu cha Sokoine na maabara zetu za mifugo.

Kwa sasa, mfugaji, ogesha ng'ombe wako, na tezi ikivimba mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo: dawa ya buparvakuoni hufanya kazi vizuri zaidi ugonjwa ukiwa mchanga.