Nyumba ya Mchoraji Rembrandt

Katika mji wa Amsterdam, nchi ya Uholanzi, iko nyumba ambayo mchoraji Rembrandt aliinunua mwaka wa 1639 kwa gilda 13,000. Bei hiyo ilikuwa kubwa mno, wala hakuwa nayo yote mkononi. Akatoa sehemu, iliyobaki ikawa deni. Wakati ule matajiri walimwendea awachore sura zao, naye angaliweza kulipa. Lakini alipenda mno kununua vitu vya ajabu: kombe za baharini, silaha za kale, sanamu, na picha za wachoraji wengine. Deni likakaa.

Mwaka wa 1656 akafilisika. Wakaja watu wa baraza, wakapita chumba kwa chumba, wakaandika mali yake, vitu zaidi ya 360. Vyote vikatiwa mnadani, na mwaka wa 1658 nyumba nayo ikauzwa. Rembrandt akahamia nyumba ya kupanga, akazidi kuchora mpaka alipokufa mwaka wa 1669.

Wengine wakaikaa nyumba ile, wakaigeuza ndani hata isitambulikane. Baadaye mji ukainunua, na mwaka wa 1911 ikawa nyumba ya makumbusho. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mafundi walitaka kuirudishia hali yake ya kale. Je, wangejuaje kila chumba kilikuwa na nini? Waliifuata orodha ile ile ya mwaka wa 1656! Leo mgeni huona vitanda, vyombo vya jikoni, na kombe kabatini. Vingi si vyake Rembrandt, bali ni vya zamani zake.