Kompyuta yanasa walionakili, uamuzi ni wa binadamu
Mwaka wa 2001, Profesa Louis Bloomfield, mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, aliunda programu ya kulinganisha insha za wanafunzi wake. Ilitafuta mafungu ya maneno sita mfululizo yaliyojirudia katika insha tofauti. Wanafunzi 122 walishukiwa mwanzoni.

Hata hivyo, kufanana pekee hakuthibitishi hatia. Insha mbili zinapolingana, huenda mwenye kazi aliibiwa bila kujua. Uchunguzi uliwaondolea wengi lawama. Wengine walifukuzwa, na baadhi ya waliokwisha kuhitimu wakapokonywa shahada.

Kinga ni bora kuliko tiba. Mhadhiri abadilishe maswali kila muhula, na kila mwanafunzi aeleze kwa mdomo alivyopata matokeo yake ya maabara. Aliyenakili atakwama.