Chupa ya moto ya mashua: tuipime kabla bibi na watoto hawajapanda

Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2024 nilisindikiza bibi yangu na watoto watatu kwenye bandari ya Kalemie. Walikuwa wanaenda Moba kwa wakwe zangu. Mimi konje yangu ilikuwa imekwisha, nilipaswa kurudi mgodini. Mashua ilikuwa imefungwa kwenye kivuko, watu wanapakia mihogo, sabuni na kreti za bia. Nyuma kabisa, karibu na mashini, nilihesabu bido kumi na tano za esanse. Hatua mbili tu kutoka pale, mama mmoja alikuwa anawasha mbabula apikie watoto bukari.

Mimi ni delege wa sendika. Macho yangu yamezoea kutafuta kizima-moto, ile tunaita ekstenkteri, hata nikiingia kanisani. Kwenye mashua ile niliona moja tu. Ilikuwa chini, imewekwa izuie mlango wa kapiteni usijifunge. Sindano ilikuwa imelala kwenye nyekundu. Karatasi ya kontrole ilikuwa imefutika, nikasoma mwaka tu: 2016.

Nikamuuliza kapiteni: «Ndugu, hii inatumika?» Akacheka: «Papa, ile iko ya komiseri. Siku anapita, tunaipanguza vumbi.»

Bibi alikuwa amekwisha kukaa juu ya mfuko wa unga, mtoto mdogo mgongoni. Tiketi ilikuwa imelipwa. Sikupata moyo wa kumshusha. Mashua ikaondoka, mimi nikabaki kwenye kivuko nikiangalia. Walifika salama, Mungu asifiwe. Lakini usiku ule sikulala. Mgodini ningekuta chupa vile karibu na mashini, ningesimamisha kazi palepale, hata mbele ya enjenia. Kwa watoto wangu mwenyewe nilinyamaza.

Miezi minne nyuma yake, mwezi wa nne mwaka 2025, sote tulisikia habari ya HB Kongolo. Ni mashua ya mbao yenye mota, iliyoshika moto katika mto Congo karibu na Mbandaka, na ndani mulikuwa mamia ya watu. Ilisemwa moto ulianza kwa mama aliyekuwa anapika. Wengi waliruka majini bila kujua kuogelea. Waliokufa walihesabiwa kupita 140. Nilifikiri ile mbabula ya Kalemie. Ziwa Tanganyika lina fasi zenye kina cha mita 1470. Mtu wa mgodi anaelewa maana yake: fasi ya kukimbilia hakuna, kama vile chini ya udongo.

Kwa hiyo nikapeleka jambo kwenye mkutano wa sendika. Wengine walikataa. Walisema kasa ya sendika ni ya mishahara na magonjwa ya mapafu, mambo ya mashua ni ya serikali. Mzee mmoja wa fonderi akasimama, akasema: «Mimi ninafanya kazi juu ya nani? Si juu ya wale benye kupanda mule?» Hakuna aliyemjibu. Tukapiga kura, ikapita.

Sasa niwaeleze namna tulivyofanya, ili delegasio zingine nazo ziweze kufanya.

Kwanza, tujue mipaka yetu. Sendika haina haki ya kufunga mashua. Mwenye haki ni komiseri wa ziwa, mtu wa serikali. Sisi ni abiria wanaolipa, na abiria ana haki ya kuuliza. Tuliandika barua moja, kopi tatu: moja kwa mwenye mashua, moja kwa komiseri, moja ya kwetu yenye muhuri ya kupokea. Barua bila muhuri ni karatasi ya kufungia karanga. Ndani tulisema wazi: familia zetu zinasafiri wakati wa konje, mwezi wa saba na wa kumi na mbili. Tutazishauri zipande mashua yenye chupa zake zimepimwa.

Pili, tulichagua siku. Mashua ikiwa ziwani huwezi kupima kitu, na siku ya kupakia chupa zinafunikwa na mizigo. Tuliuliza watu wa bandari: mashua ile inafika siku ya pili, inashusha siku ya tatu, inapakia siku ya tano. Basi siku ya ine asubuhi njo yetu. Iko mtupu, mashini imelala, kapiteni yuko.

Tatu, tulitafuta fundi. Kazi hii si ya delege mwenye mdomo mkubwa. Tulimuomba fundi mwenye kujaza chupa za mgodi. Sendika ililipa safari yake, kujaza kukawa kwa mwenye mashua. Tulielewana vile mbele ya kuanza, kwa maandishi, ili kesho pasikuwe maneno.

Kwenye mashua ya kwanza tulikuta chupa sita. Nzuri ilikuwa moja. Mwenye mashua alinyamaza muda mrefu. Hakutudanganya: yeye mwenyewe aliamini ana sita.

Fundi alituonyesha mambo ya kuangalia, na mengi yake hata mtoto wa shule anaweza:

Sindano iwe kwenye kijani. Ikiwa kwenye nyekundu, presha imetoka.

Kipini na plombe yake viwepo. Plombe ikikatika, labda mtu alishafinya chupa, hata kama alifinya kidogo. Poda inabaki kwenye mdomo, na presha inatoka polepole.

Mpira usiwe na nyufa, na mdomo usiwe na kitu. Kwenye chupa moja nyigu walikuwa wamejenga nyumba ndani ya mpira.

Chini ya chupa kusiwe na kutu. Kwenye mashua chupa inakaa fasi ya maji, na kutu inaanzia kule mtu haangalii. Chupa iliyolika na kutu inaweza kupasuka mkononi.

Poda isishikane. Mashini inatetemesha mashua siku nzima, poda inalala chini na kukamatana. Fundi aligeuza kila chupa kichwa chini, akasikiliza kama inatembea.

Chupa za gazi, zile zenye pembe nyeusi, hazina sindano. Hizo zinapimwa kwa kilo. Uzito wake umeandikwa juu ya chuma. Gazi ikipungua kupita sehemu moja ya kumi, chupa inarudi kujazwa. Macho peke yake hayawezi kujua.

Mwisho ni karatasi: tarehe na sahihi ya fundi. Kapiteni aangalie kila mwezi, fundi apime kila mwaka.

Chupa mbaya hatukuzibeba zote mara moja, juu hata chupa ya wasiwasi inaweza kusaidia kuliko ukuta mtupu. Mbili zenye kutu zilitupwa. Zingine zilienda kujazwa kwa zamu, na fundi akaacha mbili za kuazima.

Kisha tukafundisha watu wa mashua. Chupa nzuri mikononi mwa mtu asiyejua ni chuma tu. Vuta kipini, simama upande upepo unatoka, lenga chini ya moto pale unapoanzia, finya, peleka kushoto na kuume. Chupa ya kilo sita haifiki nusu dakika, hakuna nafasi ya kujaribu. Maji ni mazuri kwa mbao na makala, basi ndoo zenye kamba ziwe tayari kila upande. Lakini esanse inayowaka usiimwagie maji: inaelea juu yake na moto unatembea. Mvuke wa esanse nao ni mzito kuliko hewa, unakaa chini ya mashua. Mbele ya kuwasha mashini, fungua, acha upepo upite.

Na juu ya yote, mbabula ikae mbali na bido. Kwa hii hakuna fundi wala franka inayoombwa. Mwenye mashua alikubali kuweka fasi moja ya kupikia mbele, juu ya bamba la chuma lenye mchanga, na bido zikafungwa nyuma.

Sitadanganya kwamba kila mtu alikubali. Mwenye mashua ya pili alitufukuza. Alisema watu wa mgodi wabaki na mashimo yao. Barua yake iko kwa komiseri, yenye muhuri, na sisi tunafuata. Mpaka leo ile mashua inasafiri.

Mwezi wa saba bibi yangu alirudi Moba. Bandarini alimuomba kapiteni amuonyeshe chupa, akaangalia sindano, akasoma tarehe. Kapiteni alishangaa kidogo, hakukasirika. Kisha akanipigia simu: «Baba, iko kwa kijani.»

Bandugu, konje za mwisho wa mwaka ziko karibu. Kwenye mlango wa ofisi yetu ya sendika tumeweka orodha: mashua gani imepimwa, tarehe gani, chupa ngapi. Pita uisome mbele ya kukata tiketi. Mashua yako ikiwa haimo, muulize kapiteni maneno mane: chupa ngapi, ziko wapi, nani alizipima, nani anajua kuzitumia? Akikosa jibu, leta jina la mashua kwa delege wako, tuandike barua.