Oili Ipi kwa Msimu wa Joto? Maana ya Namba Zilizo Kwenye Kopo

Kipindi cha kaskazi, kati ya Desemba na Machi, joto la mchana katika tambarare za Korogwe hupita nyuzi 30 mara kwa mara. Ndicho kipindi ambacho magari huonekana yamesimama kando ya barabara ya Mombo–Lushoto, boneti zikiwa wazi, na ndicho kipindi ambacho ushauri mmoja husikika katika gereji nyingi: joto limezidi, weka oili nzito. Ushauri huo una chembe ya ukweli ndani yake. Hata hivyo, ukifuatwa bila kuangalia aina ya injini, unaweza kumgharimu mwenye gari fedha nyingi kuliko bei ya oili yenyewe.

Kile ambacho mafundi hukiita uzito wa oili, wataalamu hukiita mnato, yaani kiwango cha ukinzani wa kimiminika dhidi ya kutiririka. Asali ina mnato mkubwa, maji yana mnato mdogo. Oili nayo hubadilika kadiri inavyopata joto. Oili ya 5W-30, kwa mfano, katika nyuzi 40 huwa na mnato wa takriban sentistoki 60 hadi 70, lakini ikifika nyuzi 100 hubaki na takriban 10 au 11 tu. Kazi yake ni kuweka utando mwembamba kati ya vyuma vinavyosuguana, kama vile beringi na krenkishafti, ili visigusane. Utando ukiwa mwembamba kupita kiasi, chuma husaga chuma. Oili ikiwa nzito kupita kiasi, huchelewa kufika inakotakiwa, na pampu hutumia nguvu nyingi kuisukuma.

Namba za 5W-30, 15W-40 au 20W-50 ni za vipimo vya SAE, chama cha wahandisi wa magari kilichoanzishwa Marekani mwaka 1905. Namba ya kwanza, iliyofuatana na herufi W, huonyesha tabia ya oili wakati wa baridi kali. Oili ya 5W hupimwa uwezo wake wa kuruhusu injini izunguke katika nyuzi 30 chini ya sifuri, na ya 20W katika nyuzi 15 chini ya sifuri. Wilaya hii haijui baridi ya namna hiyo, hata alfajiri ya Julai kule Bungu. Kwa hiyo mkazi anayeulizia joto anapaswa kuitazama zaidi namba ya pili, ambayo hueleza mnato wa oili injini ikiwa imekwisha kupata moto. Namba 30 ina maana ya sentistoki 9.3 hadi chini ya 12.5 katika nyuzi 100, na namba 40 ni kuanzia 12.5 hadi chini ya 16.3.

Hapa ndipo wengi hupotoka. Hudhani kwamba hewa ikiwa na nyuzi 34 badala ya 26, oili ndani ya injini nayo imekuwa nyepesi kwa kiasi hichohicho. Sivyo. Gari lenye rejeta lina themostati ambayo huyaweka maji ya injini karibu na nyuzi 80 hadi 90, iwe Januari au Julai. Katika mwendo wa kawaida wa barabara tambarare, oili hukaribia nyuzi 100 katika misimu yote. Kinachoipandisha zaidi ni kazi. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33, na gari hupanda takriban mita 1,000. Hiace iliyojaa abiria, ikipanda kwa gia ndogo saa nane mchana huku upepo wa mbele ukiwa hafifu, huweza kuipeleka oili yake kwenye nyuzi 120 au zaidi. Ndivyo ilivyo pia kwa barabara ya Dindira kuelekea Bumbuli. Dereva wa njia hizo ana sababu ya kufikiria namba ya juu kidogo; anayetoka Mombo kwenda sokoni Korogwe mjini na kurudi hana.

Juu kidogo, lakini kwa kadiri gani? Kitabu cha gari ndicho chenye jibu. Watengenezaji wengi hutaja zaidi ya aina moja ya oili. Kitabu kikitaja 0W-20 na 5W-30, basi kwa msimu wa joto, milima na mzigo, 5W-30 ndiyo chaguo la busara. Kikitaja 5W-30 na 10W-40, chukua 10W-40. Oili nyepesi ya 0W-20 hupendekezwa sana Japani kwa sababu hupunguza matumizi ya petroli, si kwa sababu injini itakufa bila hiyo. Magari mengi yaliyotumika huja nchini na kitabu cha Kijapani, na wamiliki hukitupa ndani ya droo bila kukifungua. Si lazima kujua Kijapani: namba za oili humo huandikwa 5W-30 vilevile, na katika baadhi ya magari huandikwa pia juu ya kifuniko cha kujazia oili.

Kisichofaa ni kuruka kutoka 0W-20 hadi 20W-50 kwa sababu tu jua ni kali. Injini za kisasa, zikiwemo za VVT-i zilizojaa barabarani, hutumia presha ya oili kurekebisha muda wa valvu kufunguka, na oili hiyo hupita katika njia nyembamba. Asubuhi injini ikiwa haijapata moto, 20W-50 huwa na mnato unaozidi maradufu ule wa 5W-30. Sehemu za juu za injini husubiri, na sehemu kubwa ya uchakavu hutokea katika dakika hizo za mwanzo.

Jambo jingine linapaswa kusemwa wazi: oili nzito haizibui rejeta. Mshale wa joto ukipanda, chanzo mara nyingi ni maji yaliyopungua, feni isiyofanya kazi, rejeta iliyoziba au mpira uliopasuka. Desturi ya kung'oa themostati ili injini ipoe nayo huficha ugonjwa. Barabara tambarare injini hukaa baridi kuliko inavyotakiwa, hula petroli zaidi, na unyevu hubaki ndani ya oili badala ya kukauka.

Kwa waendesha bodaboda hali ni tofauti, na hapa hofu ya joto ina msingi zaidi. Pikipiki nyingi za biashara hazina rejeta. Hupozwa na upepo na oili, na oili yenyewe ni takriban lita moja tu. Pikipiki iliyobeba abiria wawili na gunia, ikitambaa mlimani, hukosa upepo wakati inapouhitaji zaidi. Vitabu vya baadhi ya pikipiki hutaja 20W-50, vingine hutaja 10W-30, na kila mmoja afuate cha pikipiki yake. Muhimu zaidi ni klachi. Klachi ya pikipiki nyingi huzama ndani ya oili ileile ya injini, na oili ya gari dogo iliyotiwa dawa za kupunguza msuguano huweza kuifanya iteleze. Injini huunguruma, pikipiki haiendi, na dereva hulaumu klachi aliyonunua juzi. Oili ya pikipiki za aina hiyo inapaswa kuwa na alama ya JASO MA au MA2 kwenye kopo. Kwa sababu oili ni kidogo, kupungua kwa robo lita ni hasara kubwa, hivyo ipimwe kila asubuhi kabla ya kazi.

Malori, matrekta na Land Cruiser za zamani za dizeli hutumia zaidi 15W-40, nayo huzitosha kwa joto la hapa. Kopo liwe na daraja la API linaloanza na herufi C, ambalo ni la dizeli. Linaloanza na S ni la petroli.

Oili ya kupima, inayouzwa katika chupa za maji, haina namba ya kusoma. Mnunuzi hawezi kujua kama ni mpya au ni iliyokwisha kutumika na kuchujwa. Nunua kopo lililofungwa, lenye namba za SAE, daraja la API na alama ya ubora ya TBS, na dai risiti.

Kipimo cha mwisho hakihitaji fedha. Egesha gari mahali tambarare, zima injini, subiri dakika tano hivi, futa kijiti, kirudishe kisha kisome. Oili iwe kati ya alama mbili, isizidi ya juu. Taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, zima injini papo hapo. Usijaribu kuvuta hadi kituo kinachofuata. Anayepanda milima na mzigo kila siku amwage oili mapema. Ratiba za watengenezaji kwa matumizi magumu mara nyingi ni nusu ya umbali wa kawaida.

Oili iliyomwagwa isitupwe mtaroni wala kwenye vijito vinavyoshuka Mto Pangani. Iwekwe katika dumu lenye kifuniko, mbali na visima, na ikabidhiwe kwa gereji inayokusanya oili chafu kwa wanunuzi wenye kibali.